Sala ya kila siku: Ijenge kidogo kidogo, na kidonge kisisahaulike

Januari na Kwaresima ndiyo misimu ya maazimio kwa Wakristo wengi. Mtu ananunua daftari jipya, anatafuta kitabu cha tafakari na kuazimia kwamba kuanzia kesho ataamka saa 10 alfajiri asali kwa saa nzima. Wiki ya kwanza inakwenda vizuri. Wiki ya pili anaamka siku nne tu. Ikifika wiki ya tatu, daftari liko chini ya godoro, kengele ya simu imezimwa, na mwenyewe ameanza kujiona mnafiki mbele za Mungu.

Msomaji unaweza kujiuliza safu ya afya inatafuta nini kwenye shughuli ya padri na mchungaji. Zipo sababu tatu. Ya kwanza, mazoea ya kila siku, yawe ya kusali, kutembea au kumeza dawa, hujengwa kwa njia moja. Ya pili, sala inayosaliwa kwa utulivu hugusa mwili: pumzi, mapigo ya moyo na usingizi. Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Wapo wagonjwa wanaoacha dawa kwa sababu wameanza kusali, na wapo wanaoshindwa kusali wakabaki na hatia inayowaondolea amani na usingizi. Makundi haya mawili yote huishia kliniki, na mara nyingine huchelewa kufika.

Leo tulitazame jambo hili tukiwa Raskazone, Tanga.

Mtaa mmoja, ratiba nyingi

Raskazone ni rasi iliyoingia baharini, mashariki mwa katikati ya Jiji la Tanga. Ukifuata Barabara ya Hospitali unakutana na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, kisha miti mikubwa, nyumba za zamani na upepo wa bahari. Upande huu wa jiji wanapita na kuishi watu wa kila namna: wastaafu, wauguzi wa zamu, walinzi wa usiku, madada wa kazi, wanafunzi na wenye hoteli. Jijini hapohapo upo mwalo wa Deep Sea, ambako wavuvi hutoka na kurudi kwa kufuata maji.

Ukiwaambia watu hawa wote wasali saa 11 alfajiri, umewasaidia wachache. Mstaafu ataweza. Muuguzi aliyekesha wodini saa hiyo anahesabu dawa za wagonjwa. Mlinzi yuko getini, macho mekundu. Mvuvi yuko baharini wakati wa bamvua, na wiki nyingine saa hiyohiyo yuko kitandani. Ushauri mwingi kuhusu sala huvunjikia hapa: umetungwa kwa mtu mwenye ratiba moja mwaka mzima, na watu wa namna hiyo si wengi.

Kengele ya Magila

Mkoa wa Tanga una historia ndefu ya sala yenye ratiba. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika Magila, Muheza, katika miaka ya 1860. Mwaka 1911, hapohapo Magila, Askofu Frank Weston wa Zanzibar alianzisha shirika la masista wa Mateso Matakatifu, linalofahamika kwa kifupi kama CSP. Masista wa shirika hilo walifundisha, waliuguza wagonjwa, na siku yao nzima ilikatwa vipande kwa saa za sala. Aliyekuwa akifunga kidonda na aliyekuwa akifundisha kusoma, wote waliongozwa na ratiba moja.

Madhehebu mengine yana mpangilio wake. Wakatoliki wana Sala za Vipindi, Rozari na Malaika wa Bwana. Walutheri, ambao kazi yao katika milima ya Usambara ilianza mwaka 1891, wana Kalenda ya KKKT yenye masomo ya kila siku. Wamoraviani wana kitabu cha neno la siku ambacho toleo lake la kwanza kuchapwa, kule Herrnhut, Ujerumani, lilikuwa la mwaka 1731. Waadventista Wasabato wana Kesha la Asubuhi.

Ukiyatazama haya yote kwa jicho la afya, unaona jambo moja. Hakuna mpangilio hata mmoja uliomtaka mtu angoje ajisikie kusali. Kila mmoja ulikuwa na kikumbusho cha nje: kengele, kitabu kilichofunguliwa ukurasa wa leo, punje ya rozari inayofuata. Wala hakuna uliomtaka mtu abuni maneno mapya kila asubuhi. Maneno yalikuwapo tayari, kazi yake ilikuwa kufika.

Mkristo wa leo anayeishi mbali na kengele ya kanisa amebaki na nia peke yake. Nia ni nzuri, lakini huchoka kabla ya mwili. Kinachohitajika ni kuirudisha ile kengele nyumbani, kwa sura nyingine.

Siku 21? Siku 40? Hesabu yake ni nyingine

Wengi wamesikia kwamba ukifanya jambo kwa siku 21 linageuka mazoea. Maneno hayo yalienezwa na kitabu cha daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, kilichotoka mwaka 1960. Yeye alikuwa akieleza muda ambao wagonjwa wake walichukua kuzoea sura zao mpya baada ya upasuaji. Watu wakayachukua wakayapachika kwenye kila kitu.

Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walilipima jambo hili. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi, wakalifunga kwenye tukio moja la kila siku, kwa mfano baada ya kifungua kinywa, na kufuatiliwa kwa wiki 12. Ilichukua wastani wa siku 66 mpaka jambo lile lifanyike lenyewe bila kulazimishwa. Lakini tofauti zilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Jambo jepesi, kama kunywa glasi ya maji, lilizoeleka upesi kuliko mazoezi ya viungo.

Sasa iweke hesabu hiyo kwenye kalenda ya kanisa. Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46, ukihesabu na Jumapili. Mtu anayeanza kusali kila siku Jumatano ya Majivu na kupumzika Pasaka, anapumzika wakati mazoea bado ni mabichi. Siku ya 66 inaangukia karibu wiki tatu baada ya Pasaka, wakati nguo za sikukuu zimekwisha kufuliwa na watu wamerudi kazini. Hapo ndipo pa kuvumilia. Anayetaka sala yake ivuke hadi mwezi Juni aihesabu Pasaka kama nusu ya safari.

Utafiti huo una jambo jingine la kufariji. Kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa mazoea. Aliyeteleza Jumanne na kurudi Jumatano aliendelea karibu sawasawa na wengine.

Funga sala kwenye tukio, saa iache

Turudi kwa wakazi wetu. Muuguzi wa zamu hana saa moja ya kudumu, lakini ana tukio la kudumu: kila siku ya kazi anavaa sare. Akisali dakika tatu akiwa amekwisha kuvaa na kabla ya kufungua mlango, sala hiyo itamfuata zamu ya asubuhi, ya mchana na ya usiku. Mlinzi ana tukio lake: kukabidhi lindo. Mwanafunzi anapiga mswaki. Mama wa nyumbani anainjika chai.

Mvuvi Mkristo wa Deep Sea ni mfano mzuri kuliko wote. Maji hubadilika kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Kinachomfaa leo kwa saa, baada ya wiki hakimfai tena. Lakini kila safari ana kusukuma chombo majini. Sala iliyofungwa kwenye kusukuma chombo haiwezi kupitwa na maji.

Kwa asiyebanwa na zamu, asubuhi ina faida yake. Jua la Tanga huchomoza karibu na saa 12 mwaka mzima, likitofautiana kwa chini ya saa moja, kwa hiyo mwanga wenyewe ni kengele. Adhana ya alfajiri nayo husikika kwa Mkristo na Mwislamu. Katika mji tulioishi pamoja kiasi hiki, hakuna ubaya Mkristo kuamkia saa ya jirani yake na kusali kwa imani yake.

Tukio zuri la kufungia sala lina sifa tatu: hutokea kila siku, hutokea mara moja, na linamalizika waziwazi. “Nikipata nafasi” si tukio. “Baada ya kuweka kikombe chini” ni tukio.

Mwili unapata nini?

Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mwaka 2001, watafiti wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Italia walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, utafiti wa watu 23 wenye afya njema. Waliwapima wakisali Rozari kwa Kilatini, kisha wakikariri maneno ya dini ya Kibuddha. Katika hali zote mbili pumzi zilishuka hadi karibu mara sita kwa dakika, na mfumo wa mwili unaosawazisha presha ya damu ulifanya kazi vizuri zaidi. Sababu haikuwa Kilatini. Ilikuwa mwendo: kila mzunguko wa Salamu Maria ulichukua karibu sekunde 10, na pumzi ikaufuata.

Kabla ya hapo, mwaka 1975, Dk Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliandika kitabu kuhusu hali ya utulivu inayomjia mtu anaporudia neno au sala kwa upole: mapigo ya moyo hupungua, misuli hulegea, pumzi hutulia. Hali hii ni kinyume cha ile ya hofu, pale moyo unapodunda kwa sababu ya deni, mgonjwa ndani ya nyumba au mtoto asiyepokea simu.

Kwa hiyo namna ya kusali ina uzito kiafya. Sala inayokimbizwa ili imalizike haikupi pumzi hizo. Zaburi moja iliyosomwa taratibu, ukivuta pumzi mwisho wa kila mstari, inakupa. Kwa mtu mwenye wasiwasi wa usiku, dakika kumi za sala ya namna hiyo kabla ya kulala, simu ikiwa chumba kingine, ni bora kuliko dakika kumi za kupekua habari za misiba.

Usitoke hapo ukasema Rozari ni dawa ya presha. Watu 23 wenye afya, waliopimwa kwa muda mfupi, hawatoshi kusema hivyo, na watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Sala humtuliza anayesali. Kuitibu presha ni kazi nyingine, na ina dawa zake.

Kidonge kilale kando ya Biblia

Tumchukue mama wa mfano. Ana miaka 58, anaishi Raskazone na mumewe mstaafu na wajukuu wawili. Miaka miwili iliyopita aliambiwa kliniki ana shinikizo la juu la damu, akaandikiwa kidonge kimoja kwa siku. Alimeza miezi mitatu, akajisikia vizuri, akaacha. Mwaka huu ameanza sala ya alfajiri, analala vizuri, kichwa hakimuumi. Jirani anamuuliza habari ya dawa, naye anajibu, “Dada, mimi nimemkabidhi Bwana.”

Maneno hayo yanasemwa na watu wenye imani ya kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Presha haina desturi ya kubisha hodi. Kwa watu wengi haiumi popote mpaka siku ya kiharusi, moyo kushindwa kazi au figo kuharibika. Kujisikia vizuri si kipimo. Kipimo ni mashine inayofungwa mkononi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na tatizo hili duniani, na kati yao asilimia 46 hawakujua kama wanalo. Vipimo vikirudia kuonyesha 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, una shinikizo la juu la damu, hata kama leo umeamka na furaha.

Je, sala inaweza kusimama mahali pa matibabu? Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa moyo katika hospitali sita. Baadhi waliombewa na vikundi vya Wakristo, wengine hawakuombewa na vikundi hivyo. Matatizo baada ya upasuaji hayakupungua kwa walioombewa. Waumini wengi watasema Mungu hawekwi kwenye mizani ya maabara, na wana haki kusema hivyo. Kwa daktari, somo ni fupi: hakuna ushahidi wa kumruhusu mgonjwa aache dawa kwa sababu anasali.

Afrika Mashariki tumeliona hili kwa macho yetu. Mwaka 2011 maelfu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, na wataalamu wa afya wakalazimika kuwasihi wenye virusi vya Ukimwi na kisukari wasiache dawa zao. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wa kundi moja la dini walioelekezwa kufunga mpaka kufa. Mama yetu wa Raskazone hafanani hata kidogo na msiba huo. Lakini wazo la kwamba mwili hauna haki ya kuhudumiwa mtu akishakuwa na imani huanza kidogo, na mara nyingine huanzia kwenye kidonge kilichoachwa.

Sasa tazama namna mazoea hayo mawili yanavyoweza kubebana. Mama yetu tayari anasali kila alfajiri mahali palepale, kwenye kiti kilekile. Kidonge chake kikilala kando ya Biblia pamoja na glasi ya maji, atakimeza kabla ya kusema Amina ya mwisho. Mazoea yaliyosimama yatayabeba yaliyoanguka. Mumewe naye anaweza kuwa kengele ya pili bila kugombana: “Mama Neema, umeshasali? Na cha mezani je?”

Mambo mawili ya kuzingatia. Dawa nyingine humezwa na chakula, kama baadhi ya dawa za kisukari, kwa hiyo muulize mfamasia ikiwa yako inafaa alfajiri kabla ya kula. Kama haifai, iambatanishe na sala ya chakula. Na kama kuna watoto nyumbani, kidonge kilale juu, ambako mikono yao haifiki.

Magoti, mfungo na mkesha

Sala ya kila siku inaingia mwilini kwa njia nyingine ambazo hazizungumzwi sana kanisani.

Magoti: Mwenye zaidi ya miaka 50, mwenye uzito mkubwa au mwenye magoti yaliyosagika hana sababu ya kupiga magoti sakafuni nusu saa. Akalie kiti, miguu ikanyage chini. Kwa anayemeza dawa za presha, kuinuka ghafla kutoka magotini kunaweza kushusha presha kwa muda na kuleta kizunguzungu, na mzee akianguka anaweza kuvunjika nyonga. Inuka kwa hatua: kaa kwanza, hesabu hadi 20, kisha simama ukishika kitu.

Mfungo: Mwenye kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge anaweza kushukiwa na sukari kiasi cha kupoteza fahamu. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo na aliye kwenye dawa za kifua kikuu wazungumze na mhudumu wa afya kabla ya kufunga. Makanisa yana njia nyingine za kujinyima zisizogusa sahani.

Mkesha: Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi. Mkesha wa mara moja hauna neno kwa mwenye afya, lakini mkesha wa kila wiki kwa anayeendesha bodaboda asubuhi yake ni hatari kwake na kwa abiria. Ukiamka saa 10 alfajiri kila siku na kulala saa 6 usiku, unakopa usingizi, na deni hilo mwili utalidai. Anayetaka kuamka mapema aanze kwa kulala mapema. Mwenye kifafa asikeshe, kwa kuwa kukosa usingizi kunaweza kuamsha degedege.

Siku ukikosa

Tulisema kwamba siku moja iliyokosekana haiharibu mazoea. Kinachoharibu ni maneno tunayojiambia baada ya hapo. “Nimeshaharibu, nitaanza upya mwezi ujao.” Ukikosa asubuhi, sali mstari mmoja mchana. Ukikosa siku nzima, kesho rudi kwenye dakika zako tano zilezile. Usilipe deni kwa kusali saa mbili. Deni linalolipwa kwa maumivu humfanya mtu akwepe meza yenyewe.

Lipo pia kundi linalohitaji msaada wa kitaalamu, ingawa mara nyingi huambiwa “omba zaidi”. Mtu aliyekuwa akiipenda sala, kisha kwa wiki mbili au zaidi hana hamu nayo, hana hamu ya chakula wala ya watu, halali au analala mno, anajiona hana thamani, huenda ana sonona. Huo ni ugonjwa, una matibabu, na si adhabu ya kukosa kusali. Akifikia kuwaza kifo au kujidhuru, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mwingine husali sala moja mara kumi, ishirini, kwa hofu kwamba neno moja halikutamkwa sawasawa, au huungama dhambi ileile kila siku bila kupata amani. Watu humsifu kwa ucha Mungu huku mwenyewe anateseka. Hofu inayomlazimisha mtu kurudia rudia hivyo inaweza kuwa ugonjwa wa akili unaotibika kwa mazungumzo na dawa. Padri au mchungaji mwenye busara atashirikiana na daktari.

WHO yenyewe, inapoeleza huduma kwa wagonjwa wenye maradhi yasiyopona, hutaja mahitaji ya mwili, ya nafsi, ya kijamii na ya kiroho kwa pamoja. Mgonjwa anayesali na anayehudumiwa ni mtu mmoja.

Mpango wa dakika tano

Kwa anayetaka kuanza, huu hapa mpango unaoweza kubebwa na mtu wa ratiba yoyote.

1. Chagua tukio moja la kila siku. Liandike: “Nikishamaliza hili, nitasali.”

2. Chagua mahali pamoja. Kiti kimoja, kona moja, upande uleule wa kitanda. Injili ya Mathayo, sura ya 6, inamtaka anayesali aingie ndani na kufunga mlango. Nyumba yenye watu wengi haina chumba cha ziada, lakini kanga iliyofunikwa kichwani ni chumba pia.

3. Andaa usiku. Biblia au Kalenda iwe imefunguliwa ukurasa wa kesho, miwani juu yake, glasi ya maji kando. Asubuhi pasiwe na cha kutafuta.

4. Anza na dakika tano. Moja ya kutulia na kupumua taratibu, mbili za kusoma, mbili za kusali. Usiongeze mpaka upite mwezi mzima, hata kama unajisikia nguvu. Mtu aliyezoea dakika tano ataongeza. Aliyeshindwa saa moja huacha yote.

5. Tumia maneno yaliyopo siku unapokosa yako. Baba Yetu, Zaburi, Rozari, Kitabu cha Sala. Siku ya uchovu au msiba, maneno ya kanisa yanambeba mtu.

6. Kama una dawa ya kila siku inayofaa kumezwa wakati huo, iambatanishe na sala.

7. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani. Alama 66 ziwe lengo lako la kwanza. Nafasi tupu zibaki tupu, usizifute wala kuzilipia.

8. Tafuta mwenzako. Jumuiya ndogo ndogo, nyumba kwa nyumba, mke, mume au rafiki wa kuulizana mara moja kwa wiki. Mkutane pia ana kwa ana, maana upweke nao huumiza mwili, hasa wa mzee.

Mwisho, fanya jambo moja wiki hii. Kama una zaidi ya miaka 40, au una ndugu aliyewahi kupata kiharusi, au hujapima presha mwaka mzima, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe ukapime. Andika namba zile mbili kwenye karatasi na uiweke ndani ya Biblia yako, ukurasa wa leo. Kila utakapoifungua utajua unamwombea nani, na mwili wake uko hali gani.